Makadirio ya Kimarekani ya gharama za kulea mtoto, yakipimwa Mombasa

Miongoni mwa vipimo vya gharama za malezi vinavyosomwa bure katika intaneti, kinachojulikana sana ni makadirio ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyoanza kuyatoa mwaka 1960. Toleo la Januari 2017 linasema kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 kwa baba na mama wa kipato cha kati atagharimu dola 233,610 mpaka akiwa na miaka 17. Mzazi wa Kisauni asikimbilie kuzigeuza dola hizo kuwa shilingi, kwani atajitia hofu bure. Faida ya ripoti hii imo katika mchanganuo wake.

Nyumba imepewa asilimia 29, chakula 18, malezi ya mchana pamoja na elimu 16. Nililolipenda zaidi ni hesabu ya nyumba: badala ya kugawa kodi yote kwa idadi ya vichwa, watafiti hutazama gharama ya kuongeza chumba kimoja cha kulala. Ni hesabu ya haki, ila huku kwetu inakwama. Katika nyumba ya Kiswahili pale Majengo, inayopangishwa chumba kwa chumba, mtoto mchanga hulala na wazazi wake bila kuongeza hata senti kwenye kodi. Gharama huja kwa kishindo miaka mingi baadaye, kaka na dada wanapobaleghe na ikawa haifai tena walale pamoja. Wastani wa mwaka hukificha kishindo hicho, kama unavyoificha Januari, mwezi ambao ada, sare na vitabu hudaiwa kwa mpigo.

Maji nayo yamezama ndani ya fungu la nyumba, ilhali mwenye kununua kwa mitungi anajua nguo za mtoto mchanga zinavyoyamaliza. Ada ya madrasa itabidi ajitafutie pa kuiandika. Na bibi anayeshinda na mjukuu ili mama aende kazini hana bei humo, wala mshahara anaoukosa mama akibaki nyumbani.

Kwa hiyo ningemshauri mzazi achukue mafungu ya ripoti, afute tarakimu zote, kisha ajaze zake mwezi kwa mwezi. Chuo kikuu hakimo kabisa, na kwa kuwa watoto wengi hapa humaliza sekondari wakiwa na miaka 18 hivi, mwaka huo wa mwisho atauongeza mwenyewe.