Hita ya maji ya sola baada ya mwaka mmoja: msilisingizie jua

Haya jamani, karibuni tena. Leo nawapandisha juu ya paa, kwa hiyo upepo huo mtauvumilia. Hii hapa nyuma yangu ni hita ya sola ya lita 200, tangi la presha, mirija ya kioo 20, haina pampu. Nimekaa nayo mwaka mzima. Hita yenyewe nzuri. Kijitabu chake cha maelekezo ni aibu tupu.

Malalamiko ninayoyasikia kila siku ni haya: jua kali, maji vuguvugu. Yalinikuta na mimi. Nikapanda nikapangusa mirija, nikashuka, kesho yake nikapanda tena. Kumbe kosa liko bafuni! Ile koki moja inayochanganya maji ya moto na ya baridi ilikuwa imekwisha ndani, baridi inavuka kimyakimya kwenda bomba la moto. Kujua ni rahisi. Funga maji ya baridi yanayoingia kwenye tangi, kisha fungua bomba la moto. Yakitoka kidogo yakakata, hapo huna shida. Yakiendelea kutiririka, yanatoka wapi na tangi umelifungia? Ndiyo hiyo koki. Ila kama tangi lako si la presha, lina bomba la kupumulia, kipimo hiki kitakudanganya, maana litajimwaga lenyewe.

Sasa sogeza kamera huku. Tazama mkia wa mrija, unaona rangi ya fedha inayong'aa? Maana yake utupu kati ya kuta mbili za kioo bado upo. Huu wa pembeni umekuwa mweupe kama maziwa: hewa imeingia, joto linapotea. Kwa aina hii, ndani ya kioo hakuna maji ya kuoga, kuna bomba la shaba lenye kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke na kupeleka joto kichwani. Ndiyo maana unabadilisha mrija mmoja bila kumwaga tangi. Fanya alfajiri, vaa glavu; kichwa cha shaba kilichopigwa na jua kinababua vibaya. Na ukikirudisha, kisukume hadi mwisho, maana kisipogusana vizuri na tundu lake joto halipiti.

Kipima muda cha umeme, kile kinachowasha umeme wa kupasha tangi jua lisipotosha, ndicho kilichoniudhi zaidi. Kilikuja kimewekwa kiwake saa yoyote. Kwa hiyo alfajiri umeme unapasha tangi zima, jua linachomoza linakuta kazi imeshafanyika. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni karibu uniti 7. Saba! Nimekihamishia saa 11 jioni, sasa kinamalizia tu pale jua lilipoishia. Siku ya mawingu kinafanya kazi, siku ya jua hakiwaki kabisa.

Lakini msibane matumizi mkashusha tangi hadi nyuzi 40. Maji vuguvugu yaliyotuama hulea bakteria wa Legionella, wale wanaoleta homa ya mapafu. Mimi nimeweka 60. Na kwa kuwa nyuzi 60 humwunguza mtoto kwa sekunde chache, nimefunga valvu ya kuchanganyia pale maji yanapotoka tangini. Hiyo haikuja kwenye boksi, na ilipaswa kuja.

Sensa ya kupima joto la tangi: namba zikiruka ovyo, angalia waya kabla ya kununua nyingine. Yangu ilikuwa imechomoka tu kwenye tundu lake.

Na valvu ya usalama kudondosha matone maji yakipata moto ni kawaida, maji yanatanuka. Ikidondosha usiku kucha, presha ya bomba imezidi au valvu imechakaa. Usiizibe. Narudia, usiizibe, hilo ni tangi la presha.

Alama zangu: hita nane kwa kumi, kijitabu mbili. Wiki ijayo nafungua fimbo ya magnesi iliyo ndani ya tangi, ile inayoliwa na kutu badala ya chuma, tuone imebaki kiasi gani.