Fotokopi ya tona ya chupa: miaka mitatu ya kazi nzito, haya ndo niliyoyaona

Watu wengi wakitaka kununua mashine swali la kwanza ni inatoa kopi ngapi kwa dakika, la pili tona yake, yaani ule unga wa wino, shilingi ngapi, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Siku hizi nikioneshwa mashine nafungua mlango wa mbele kwanza, nataka nione tona inaingilia wapi, inazungukaje humo ndani, na ile inayobaki inaenda wapi. Maisha ya mashine yako hapo jamani, hayo mengine yanafuata.

Ninayoiongelea ni mashine kubwa ile ya kusimama chini, nyeusi na nyeupe, niliichukua ikiwa imeshatumika na tangu hapo inapiga mitihani, notisi, fomu, barua, kutwa nzima. Naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyoikata nitaisema.

Tona inakuja kwenye chupa ndefu ya plastiki yenye mfereji uliojizungusha kama nyuzi za skrubu. Mota inaizungusha chupa, unga unatambaa taratibu mpaka mdomoni, unadondokea kwenye tangi dogo, na kutoka kwenye tangi skrubu nyingine inausukuma kidogokidogo kadri unavyohitajika. Hilo tangi ndo limeniokoa mara nyingi kwa sababu chupa ikiisha kazi haikatiki hapohapo, kuna akiba, unapata muda wa kwenda kuchukua chupa nyingine na kuibadilisha bila hata kuchafua mikono. Hapo watengenezaji walifikiria mtu anayefanya kazi kweli.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote ni yuniti ya developa, ile sehemu inayoandaa tona kabla haijaenda kuchora ukurasa. Wengi hawajui kwamba mle ndani hakuna tona peke yake, kuna na chembe za sumaku, ferraiti (madini yanayovutwa na sumaku) iliyopakwa utando, mchanganyiko huo ndo unaitwa developa, na hizo chembe ni kubwa mara kadhaa kuliko za tona. Tona yenyewe ni laini ajabu, chembe moja ni kama mikroni 5 mpaka 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Zinachanganywa na skrubu mbili zilizolala sambamba, katikati kuna ukuta uliotobolewa huku mwisho na huku mwisho, moja inasukuma mbele nyingine inarudisha nyuma, kwa hiyo mchanganyiko unazunguka tu muda wote mashine inapofanya kazi. Ule msuguano ndo unaipa tona chaji ya umeme, ndo maana inashikamana na zile chembe. Halafu rola ya sumaku inazibeba zikiwa zimesimama kama nywele za brashi, bledi, kipande chembamba cha kukwangua, inapunguza zilizozidi, zikipita kwenye dramu, ile silinda inayochorwa ukurasa kwa leza kabla ya kwenda kwenye karatasi, tona inaruka kwenda pale tu leza ilipochora, chembe zinarudi mtupu kuchukua mzigo mwingine. Kila nikiifikiria nasema mtu aliyebuni hiki kitu alikaa akafikiri sana.

Na faida unaiona kwenye karatasi. Ukipiga ukurasa wenye boksi kubwa jeusi, weusi unakuwa ule ule juu mpaka chini. Printa yangu ndogo ya nyumbani, ile ya katriji inayobeba kila kitu humo humo, haina chembe za sumaku, ina rola ya sponji inayoilisha rola nyingine, na ukurasa kama huo huwa unaanza mweusi halafu kuelekea chini unapauka, sponji haiwahi kulisha. Kwa barua mbili tatu kwa siku haina shida kabisa, naipenda. Ikikaa sana unga unatuama upande mmoja, itoe katriji uitingishe taratibu kulia kushoto mara tano sita, inarudi vizuri.

Turudi kwenye kubwa. Mle ndani tona ni asilimia chache tu ya uzito wa mchanganyiko, na kuna sensa, yaani kifaa cha kupimia, ya kulinda hicho kiwango. Lakini elewa hapa, sensa nyingi za hivi hazioni tona, zinapima usumaku. Tona ikiwa nyingi chembe za sumaku zinaachana, usumaku unashuka, mashine inajua imeshiba, ikipungua chembe zinabanana usumaku unapanda inaita tona iongezwe. Mimi nililijifunza hili kwa maumivu. Developa inachakaa, ule utando unaisha, tona haishiki chaji vizuri, kwa hiyo ikafika siku ya kubadilisha. Fundi akaja akamwaga ya zamani akaweka mpya akafunga akaondoka, hakuingia kwenye menyu ya mafundi kuiambia mashine kwamba hii ni developa mpya ianze kupimia hapa. Siku ya pili kopi zikaanza kuwa na ukungu wa kijivu, siku ya tatu unga unamwagika ndani, karatasi zinatoka na madoa, mashine bado inaongeza tona tu kwa sababu ilikuwa inasoma vibaya. Ilibidi fundi mwingine asafishe kila kitu, aweke developa nyingine, aiache izunguke dakika kadhaa bila karatasi mpaka sensa ijipange. Hasara ya developa nzima! Mkibadilisha developa simameni hapo hapo muone hilo linafanyika.

Kingine ni tona za bei chee. Sisemi lazima ununue ya kampuni, mimi mwenyewe natumia ya mbadala na imekaa vizuri mwaka wa pili huu, ila usichanganye aina aina. Tona siyo rangi tu, ina plastiki inayoyeyuka kwenye fyuza, ile sehemu ya joto inayoigandisha kwenye karatasi, ina unga wa silika juu yake ili itiririke, na ina kiwango chake cha chaji. Nilijaribu moja ikanipa ukungu, nikarudisha ile ya zamani, ukungu ukaendelea siku kadhaa maana iliyochanganyika ilikuwa bado inazunguka humo humo. Na ile idadi ya kopi iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya ukurasa uliofunikwa kama asilimia 5 tu, ukipiga majedwali na picha kama mimi usiitegemee.

Malalamiko sasa. Ukiipa kazi nyeusi mfululizo inasimama katikati inaandika inaongeza tona, inazunguka peke yake, unasubiri na mteja amesimama. Hilo nalivumilia. Nyota nimeikata kwa boksi la tona taka. Bledi inakwangua tona iliyobaki kwenye dramu, skrubu inaipeleka kwenye boksi, na hilo boksi wameliweka nyuma, kila likijaa lazima uvute mashine nzima kutoka ukutani. Kuna mashine zinairudisha hiyo taka kwenye developa ili itumike tena, ila inarudi na vumbi la karatasi, kwa kazi nzito naona bora boksi. Tafadhali msiimimine kwenye chupa mpya, nimeona watu wanafanya, mnaiua mashine. Ikimwagika futa kwa kitambaa chenye maji baridi, ya moto yanaigandisha kwenye nguo, na vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya kawaida ya nyumbani usiiguse, unga ni laini mno, unapita kwenye kichujio unarudi hewani mnaouvuta ni nyinyi.