Uzoefu wangu na Kubeflow Pipelines: mitiririko ya modeli inayoandikwa kwa Python

Ninafundisha modeli za kujifunza kwa mashine katika wingu, na chombo ninachokitegemea zaidi ni Kubeflow Pipelines, programu huria iliyotangazwa na Google mwaka 2018, ambayo huendesha kazi zake juu ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye kundi la seva. Hatua za mtiririko, kuanzia kusafisha data hadi kuipima modeli, huandikwa kama funksheni za Python; maktaba yake huzigeuza kuwa faili moja la YAML, yaani maandishi yenye maelezo ya hatua zote, na kila hatua hufanyika ndani ya kontena lake, yaani kifurushi kilichojitenga chenye programu zote inazohitaji. Hivyo hatua ya kufundisha peke yake ndiyo huomba GPU (kichakataji cha hesabu nzito), huku usafishaji ukitosheka na seva ya kawaida.

Ninaithamini hasa kwa sababu mtiririko mzima hukaa kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo wa modeli. Anayetaka kubadilisha kasi ya kujifunza au kuongeza ukaguzi wa data huwasilisha badiliko lake likasomwa na wenzake kabla halijafika katika wingu, jambo ambalo ni gumu pale kazi zinapopangwa kwa kubofya vitufe tu. Tena, Kubeflow Pipelines hutunza ukoo wa kila zao la hatua, kiasi kwamba kutoka kwenye modeli iliyoko kazini unaweza kurudi hadi kwenye data na vigezo vilivyoizaa. Kwangu mimi, modeli isiyojulikana ilikotoka haistahili kukabidhiwa maamuzi yanayowagusa watu.

Panapohitaji umakini mkubwa ni kwenye kache, yaani hifadhi ya matokeo yaliyokwisha kupatikana. Hatua ambayo pembejeo na maelezo yake hayajabadilika hairudiwi, bali matokeo yake ya awali huchukuliwa yalivyo, na hilo huokoa muda mwingi wa seva unaporekebisha hatua ya mwisho pekee. Lakini ukipitisha anwani ya folda kama maandishi tu, kinacholinganishwa ni anwani hiyo, si yaliyomo ndani yake. Data ikibadilika kila usiku na jina la folda likabaki lilelile, utapewa matokeo ya zamani na kazi itaonekana imefanikiwa. Mimi huiweka tarehe ndani ya anwani, na naona ni bora kuliko kuizima kache yote.

Wanaoijua Python watalazimika pia kuzoea kwamba funksheni ya mtiririko huchora kazi tu, haiitendi. Kwa hiyo sharti linalotegemea tokeo la hatua huandikwa kwa dsl.If ya maktaba ya Kubeflow Pipelines, si kwa if ya kawaida ya Python.

Kubernetes yenyewe ni mzigo. Timu isiyo na mtu wa kuitunza inaweza kulipeleka faili lake la YAML kwenye Vertex AI Pipelines, huduma ya wingu ya Google, ambako miundombinu hutunzwa na mtoa huduma. Mwenye skripti moja inayofundisha modeli mara chache simshauri aanzie huku. Ratiba ya cron, programu ndogo ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa, itamtosha mpaka hatua zake ziongezeke.