Kijani au urujuani: isoma mbili za kobalti

Chumvi mbili za isoma, yaani zenye fomula moja, [Co(NH₃)₄Cl₂]Cl, lakini mpangilio tofauti wa atomi, hazifanani hata kidogo machoni: ya trans ni ya kijani, ya cis ni ya urujuani. Katika zote mbili, ioni ya kobalti(III) imezungukwa na ligandi sita (molekuli au ioni zinazoshikamana na metali) zilizokaa kwenye pembe za umbo la pande nane, na kila ligandi hutoa jozi ya elektroni ili kujenga kifungo. Nitrati ya fedha, inayonasa kloridi iliyo huru, haisaidii sana kuzitofautisha, kwa kuwa kila moja huachia kwanza kloridi moja tu, ile iliyo nje ya mabano.

Tofauti imo katika nafasi. Kwenye trans, kloridi mbili hutazamana kwa nyuzi 180, hivyo mivuto yao ya umeme hufutana. Kwenye cis hukaribiana kwa nyuzi 90, na ioni hiyo hubaki na upande wenye chaji hasi zaidi.

Kwa maoni yangu, cis ndiyo yenye mengi ya kusimulia. Mwanakemia Alfred Werner alidai kwamba umbo hili la pande nane huruhusu isoma mbili tu, ilhali heksagoni bapa ingetoa tatu. Lakini wapinzani wake walimsumbua hadi alipoipata ile ya urujuani mwaka 1907. Tena, amonia zikibadilishwa kwa ethilinidiamini mbili (kila moja ni ligandi inayoshika nafasi mbili), cis hugawanyika katika maumbo mawili yanayoakisiana kama mkono wa kulia na wa kushoto, jambo ambalo trans haiwezi.