Mashine ya nyasi ya kuendesha umekaa: ipi ununue kwa uwanja wa nyumbani Marekani

Ukishasaini makaratasi ya nyumba Columbus, Louisville au vitongoji vya Minneapolis, unakabidhiwa funguo na nyasi. Ukuta unaweza kukaa miaka mitano bila rangi na asiulize mtu. Nyasi hazina subira hiyo. Miji mingi imeweka kikomo cha urefu, mara nyingi kati ya inchi 8 na 12. Ukikipita unaletewa barua ya onyo, baadaye faini, na ukizidi kukaidi manispaa inatuma watu wake wakate kisha bili inakujia wewe. Mwezi Mei, mvua na joto vikikutana, nyasi za majimbo ya kaskazini zinataka kukatwa kila wiki. Hapo ndipo wengi wetu tuliotoka kwenye apatimenti tunajikuta dukani tukizunguka mashine za kijani, nyekundu na za njano, tukiulizana tuchukue ipi.

Kabla hujaenda huko, shika futi ya kupimia. Tovuti ya kaunti yako inaonyesha ukubwa wa kiwanja; toa nyumba, njia ya gari, miti na bustani ya sukuma wiki, ubaki na nyasi tupu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Kiwanja cha robo ekari hakihitaji mashine ya kupanda hata kidogo: ile ya kusukuma ya inchi 21 inakimaliza kwa nusu saa hivi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo unayoitamani. Kwangu mimi, mwenye chini ya nusu ekari ya nyasi anayenunua mashine ya kukalia ananunua kiti. Akiwa na mgongo au magoti mabovu, hapo sina neno.

Pima na geti la uzio. Deki, yaani ile sahani ya chini inayobeba visu, ikiandikwa inchi 42, huo ni upana inaokata. Mdomo wa plastiki unaotupa nyasi pembeni unaongeza karibu futi nzima, ingawa unaweza kuuinua wakati wa kupita. Geti la inchi 48 litakubali. La inchi 36 litakataa mashine karibu zote ninazozipanga kwa nafasi hapa chini, isipokuwa ile ndogo ya nafasi ya nne.

Halafu mteremko. Watengenezaji wengi wanaweka mwisho kwenye nyuzi 15, na baadhi ya mashine zinaishia 10. Kitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kufuata. Nyuzi 15 maana yake ni kupanda futi 2 na nusu hadi 3 kwa kila futi 10 unazokwenda mbele. Laza ubao ulionyooka kwenye mteremko, weka juu yake simu yenye programu ya kupima usawa, usome namba. Ikizidi, sehemu hiyo ikate kwa mashine ya kusukuma, au ng'oa nyasi upande kitu kingine. Nyingi kati ya mashine hizi zina uzito wa karibu kilo 200 na kuendelea, na zinapopinduka zinamwangukia aliyekaa juu.

Nafasi ya kwanza: trekta ya nyasi ya inchi 42

Kwa mtu mwenye nusu ekari hadi ekari mbili, huu ndio ushauri wangu, na bado sijaona sababu ya kuuacha. Injini iko mbele, usukani ni wa duara kama wa gari, deki imening'inia tumboni. Ikienda maili 4 kwa saa, inamaliza ekari moja ya wazi kwa dakika 45 hivi. Bei zake huanzia takribani dola 2,000 na kufika karibu 3,000, kutegemea injini na msimu.

Kinachoiweka juu ni kwamba inafanya mengi bila kulalamika. Unafunga trela dogo nyuma ukasomba majani na mbolea. Vifuko vya kukusanyia nyasi vinaingia, ingawa huuzwa kando. Nyingi zinakubali na bamba la kusukumia theluji. Kwenye mteremko wa wastani inatulia vizuri, ilimradi uende juu na chini bila kukata ubavuni. Na mtu yeyote mzima wa nyumbani anajifunza kuiendesha mchana mmoja.

Mfano unaoonekana kila mahali ni John Deere za mfululizo wa S100. Watu wengi wanaamini kwamba ile iliyoko kwenye maduka makubwa kama Home Depot au Lowe's ni duni kuliko ya kwa wakala. Sivyo: S100 ni mashine ile ile. Tofauti huanza ukipanda kwenda X300, ambazo zinauzwa na mawakala peke yao, na hapo kweli chuma ni kizito zaidi na bei nayo imepanda. Kwa upande wa njano kuna Cub Cadet XT1 na XT2. Ujue pia kwamba Cub Cadet, Troy-Bilt na Craftsman ni watoto wa nyumba moja: Stanley Black & Decker, ambayo tayari ilikuwa na Craftsman, ilikamilisha kuinunua MTD, mtengenezaji wa Cub Cadet na Troy-Bilt, mwishoni mwa 2021. Kwa hiyo usishangae kukuta spea zinaingiliana, na usilipe zaidi kwa ajili ya rangi.

Sasa tuseme kuhusu gia, maana hapa ndipo pesa hupotea. Chukua yenye gia ya haidrostatiki, ile inayosukumwa na oili badala ya meno ya kubadilisha kwa mkono: unakanyaga pedali mbele au nyuma, basi. Lakini giaboksi hizi hazilingani. Zilizomo kwenye trekta za bei ya chini nyingi zimefungwa moja kwa moja, hazina tundu rahisi la kumwagia oili wala filta ya kubadilisha. Zimetengenezwa kubeba mtu na kukata nyasi. Ukizifanya zipande kilima kila wiki na trela la mawe nyuma, oili inachemka, inalegea, na baada ya misimu michache mashine inashindwa kupanda ikishapata joto. Fundi atakuambia kubadilisha giaboksi ni bei ya kukaribia nusu ya mashine. Muuzaji ataimba nguvu ya farasi: 17, 20, 22. Wewe muulize giaboksi ni ya nani, Tuff Torq au Hydro-Gear, modeli gani, na kama inafanyiwa sevisi. Kwa nyasi za nyumbani farasi 17 au 18 wanatosha deki ya inchi 42. Injini ya silinda mbili haitetemeki sana kama ya silinda moja, na kwa mwenye ekari mbili faraja hiyo ina thamani yake. Kwa mwenye nusu ekari, hiyo ni pesa ya kubaki mfukoni.

Nafasi ya pili: ziro-teni

Hii ndiyo ile yenye fimbo mbili mkononi badala ya usukani. Kila fimbo inaongoza gurudumu lake la nyuma, hivyo mashine inazunguka pale pale iliposimama. Yenye deki ya inchi 42 ikienda maili 6 kwa saa inamaliza ekari ya wazi kwa nusu saa hivi. Kama uwanja wako ni tambarare na umejaa miti, vitanda vya maua na bembea za watoto, ihamishie nafasi ya kwanza wala usiniulize. Bei huanzia takribani dola 3,000. Toro TimeCutter na Cub Cadet Ultima ZT1 ndizo utakazoziona sana.

Naiweka ya pili kwa sababu ya vilima na maji. Magurudumu yake ya mbele yanajizungukia tu kama ya toroli la dukani, hayaongozi wala hayashiki breki. Matairi ya nyuma yakiteleza kwenye nyasi mbichi, umepoteza usukani na breki kwa pamoja, na mashine itakwenda kule mteremko unakotaka. Mwenye mtaro, bwawa au ukuta mfupi chini ya mteremko achukue trekta. Pia ziro-teni za nyumbani hazipendi kuvuta wala kusukuma vitu vizito.

Hapa chunguza deki zaidi ya kitu kingine. Ya bei nafuu ni bati moja lililogandamizwa kwa mashine; ya bei ya juu imeungwa kwa kuchomelea vipande vizito. Unene hutajwa kwa geji, na namba inakwenda kinyume: geji 10 ni nene kuliko geji 13. Kwa nyasi laini bati la kugandamizwa linatosha kabisa, na hata linatiririsha nyasi vizuri. Ukiwa na mizizi iliyojitokeza au visiki, lipia lililochomelewa.

Nafasi ya tatu: ya betri

Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa bei. EGO Z6 na za Ryobi zinakata kimya kiasi kwamba unaweza kuanza Jumapili asubuhi jirani akiwa bado amelala. Hakuna oili, plagi wala kabureta iliyoziba kwa petroli ya mwaka jana. Jiandae kwa dola 4,000 na zaidi, mara nyingi 5,000. Inamfaa zaidi mtu ambaye tayari ana vifaa vya EGO vya mkononi, maana betri zile zile za volti 56 ndizo zinazoingia kwenye Z6.

Mambo mawili tu. Hakikisha ni betri za lithiamu. Ukikutana na modeli ya zamani yenye betri za risasi inauzwa kwa punguzo, iache. Na ile ahadi ya ekari mbili kwa chaji moja ihesabu ni ya nyasi fupi na kavu. Nyasi za Mei zilizolowa zinanyonya betri. Walioko California hawana mjadala mrefu: kanuni za jimbo zinataka injini ndogo mpya za vifaa vya bustani, kuanzia modeli za 2024, zisitoe moshi kabisa.

Nafasi ya nne: ndogo ya inchi 30

Troy-Bilt TB30 na wenzake. Inapita kwenye geti jembamba na kulala kwenye kona ya gereji. Tatizo ni kwamba bei yake inakaribia ya trekta kamili, na kwa ekari moja utakaa juu yake saa nzima na zaidi. Nunua kama geti au gereji imekulazimisha.

Nafasi ya mwisho: trekta kubwa ya bustani

Hii ni ya mwenye ekari tatu na kuendelea, anayelima, anayevuta. Ni chombo kizuri sana. Kwa uwanja wa kitongoji, huna kazi ya kuipa.

Ukifika dukani

Maduka makubwa yana bei nzuri na yanakuletea mpaka mlangoni. Wakala ana fundi. Mimi ningelipa hata dola mia mbili zaidi kwa wakala aliye karibu, kwa sababu mkanda wa deki utakatika Juni, wakati kila mtu anataka fundi. Uliza sevisi inachukua siku ngapi mwezi huo, na kama wanakuja kuchukua mashine nyumbani. Kama huna pikapu wala trela, jibu la swali la pili ni muhimu kuliko waranti yenyewe.

Kuhusu mkopo wa asilimia sifuri, soma maandishi madogo. Kadi nyingi za maduka zinaahirisha riba, hazikusamehi: ukibakiza deni hata dogo muda ulioahidiwa ukiisha, unatozwa riba yote tangu siku uliyonunua. Mpango wa mtengenezaji kupitia wakala mara nyingi ni sifuri ya kweli, ila bado uliza kwa maandishi. Bei hulegea msimu ukielekea mwisho, Septemba na Oktoba. Aprili ndio wakati mbaya kabisa wa kuomba punguzo.

Petroli iwe yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. Pampu ya E15, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 15, huwa rahisi kidogo na imekaa pale pale pembeni, lakini injini hizi haziruhusiwi kuinywa, na waranti haitakulinda.

Wapo wanaowaza kuipakia ya zamani kwenye kontena iende Mombasa au Dar es Salaam. Mkanda na visu vya deki ya Marekani utavitafuta mpaka uchoke, na uwanja wenye mawe utaimaliza mapema. Kwa huko peleka mashine ya begani ya kufyekea, kila mtaa una fundi wake.

Na watoto. Kumpakata mtoto ukikata nyasi kunaonekana kama mchezo, na kwenye picha za familia kunapendeza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema mtoto asipandishwe kamwe kama abiria, na asiendeshe mpaka afike miaka 16. Mtoto aliyezoea kupandishwa ataikimbilia mashine ikiwa inawaka, akitokea nyuma usikomwona. Trekta nyingi za nyasi zinazima visu au injini ukirudi nyuma bila kubonyeza kitufe cha ruhusa. Kuna mafundi wa mitandaoni wanaofundisha kukata waya wa kinga hiyo ili kazi iende haraka. Ukinunua trekta iliyotumika, ijaribu hapo hapo kwa muuzaji: washa visu, rudi nyuma bila kugusa kitufe, na kama vinaendelea kuzunguka, acha mashine hiyo pale ulipoikuta.