Ryzen 5 3600 na ovakloki kwenye joto la Unguja: uzoefu wangu

Prosesa hii ya Ryzen 5 3600, yaani ile chipu inayopiga hesabu zote za kompyuta, n'nayo muda sasa, kazi yangu mie ni kuhariri video za harusi, maulidi na mahafali ya skuli, kwa hivyo mashine yangu hailali, na vijana kila wakija dukani swali lao ni lilelile, eti hiyo si unaipiga ovakloki tu inakwenda sawa na zile za bei mbaya? Basi nimeipiga, nimeikamua mpaka ikagoma, na nakwambieni mapema kabisa: prosesa nzuri mno, lakini ovakloki yake kwa nyumba zetu hizi faida ndogo sana ukilinganisha na watu wanavyoipamba.

Kwa asiejua, ovakloki ni kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, unaingia kwenye BIOS (ile mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka) unapandisha namba, na mara nyingi namba ikipanda inadai volti zaidi ili itulie. Hii 3600 ilitoka 2019, ina viini sita (kila kimoja kinapiga hesabu kivyake) na nyuzi 12 (kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja), kasi yake ya chini ni gigahezi 3.6 na ikiwa kazi nyepesi inajipandisha wenyewe mpaka 4.2. Hapo kwenye "inajipandisha wenyewe" ndo penye siri yote. Zamani ovakloki ilikuwa na nyama kwelikweli, wakubwa wanaikumbuka Celeron 300A ya 1998, imeuzwa megahezi 300, unaitoa ile njia yake ya mawasiliano na mazabodi (bus) kutoka megahezi 66 kwenda 100 inapiga 450 na wengi walikuwa wakitumia feni ya kawaida tu, yaani nusu nzima ya kasi bure. Siku hizi kiwanda chenyewe ndo kinachoovakloki, prosesa inajipima joto, inajipima umeme, inajisogeza mpaka karibu na mwisho wake, sasa weye unaekuja baadae na namba zako umeachiwa makombo. Ni kumtia bakora punda ambae ashaanza kukimbia.

Hebu tuhisabu. Kwenye kurenda, yaani mashine kuikusanya video iliyohaririwa na kuitoa faili zima, viini vyote vikifanya kazi pamoja, yangu ikiwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani inakaa kwenye 3.95 hivi. Nikaiweka 4.2 kwa viini vyote na volti 1.3, ikatulia. Tofauti yake asilimia sita. Harusi ambayo ingerenda saa nzima inakuokolea dakika tatu na kitu. Dakika tatu! Kazi nairusha nikaswali, nikirudi iwe imemaliza dakika tatu zilizopita au ndo inamaliza sasa hivi, mteja hajui na wala hamuhusu.

Nikasema basi twende mbele. 4.3 ilitaka volti 1.35 na hata hivyo haikutulia, 4.4 Windows haikuwaka kabisa. Mdogo wangu yeye kashikilia, "kaka ongeza volti tu, kuna mtu nimemuona kaifikisha 4.5", nikamwambia huyo mtu prosesa yake si hii, maana hizi zinatoka kiwanda kimoja, jina moja, boksi moja, lakini kila moja na tabia yake, moja inakwenda 4.4 na nyengine 4.1 inahema, hakuna anaeweza kukuchagulia dukani. Na ikikuangukia ile ya 4.1 basi umekula hasara, kwa sababu ukishaweka kasi kwa mkono inabaki hapohapo, haijipandishi tena, kwa hivyo kwenye kazi nyepesi inayotumia kiini kimoja, ambayo kiwandani ingefika 4.2, weye umeirudisha nyuma na kuongeza joto juu yake.

Na joto ndo kesi yenyewe.

Umeme unaoliwa na prosesa unapanda na kasi, hilo kila mtu analijua, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake, kwa hivyo ukitoka 1.25 kwenda 1.35, namba inayoonekana kama hakuna kitu, umeshaongeza asilimia 17 ya joto kabla hujagusa hata gigahezi moja. Sasa wale jamaa wa video wanaotuonesha mashine yao digrii 70, wako kwenye chumba cha digrii 20. Feni haileti baridi, feni inatoa joto na kulitia kwenye hewa iliyopo, kwa hivyo hewa ikiwa ya moto kila kitu kinapanda kwa kiasi hichohicho. Mie nakaa ghorofa ya juu, wakati wa kaskazi baada ya alasiri ukuta wa zege umeshashiba jua, chumba kiko 32 na zaidi, ile 70 ya jamaa huku ni 82 kabla ya mengine. Kikomo cha prosesa hii alichokiweka mwenye kiwanda ni 95. Na ile feni ndogo inayokuja kwenye boksi, Wraith Stealth, kwa kurenda mchana bila hata ovakloki ilikuwa inanipeleka 88 na kelele zake mpaka wateja wanauliza kuna nini humo.

Nikanunua feni ya mnara, ile ndefu yenye mabomba ya shaba, imevuka na boti kutoka Kariakoo. Ikashuka kwa furaha, 76 bila ovakloki, na ile 4.2 nikaiona 84. Nikafurahi, lakini mashine ikaanza kupunguza kasi wenyewe katikati ya kazi na prosesa haijafika hata 85, nikawa sielewi. Hili nalitaja kwa urefu kwa sababu wengi hawaambiwi. Mazabodi yangu, ule ubao mkuu ambao kila kitu kinachomekwa, ni B450 ya bei ya chini, na pembeni ya prosesa kuna ile safu ya vitu vidogo vyeusi na vijivu, VRM, kazi yake kuuchukua umeme wa volti 12 wa pawa saplai na kuushusha mpaka hiyo volti moja na kidogo prosesa inayoitaka. Kwenye mazabodi za bei ndogo VRM haina hata kipande cha bati cha kuipoza. Feni ya boksi inapuliza kwenda chini, kwa hivyo hewa yake baada ya kupita kwenye prosesa inatawanyika juu ya mazabodi na VRM inapata upepo wa bure. Feni ya mnara inapuliza kwenda nyuma. Prosesa imepoa, VRM imekoseshwa hewa, na wakati huohuo nimeiongezea mzigo. Nilifungua ubavu wa kesi (boksi la mashine) nikasogeza kidole karibu, sikugusa, joto lake nalisikia kabla ya kufika. Fundi wangu alinipa dawa rahisi, feni moja ndogo ya kesi tukaifunga na zip taii ikaiangalia VRM moja kwa moja, ikatulia. Sasa jumlisha: feni ya mnara, feni ya VRM, tukuza (mita ya umeme) inayokwenda mbio, kwa ajili ya dakika tatu.

Bado hatujafika kwenye lililoniudhi khasa.

Mashine ikikataa kuwaka, au ikikutolea skrini ya bluu, hilo tatizo dogo. Unazima, unachomoa waya, unatoa kile kibetri bapa cha CR2032 kwenye mazabodi dakika chache au unagusisha kwa bisibisi zile pini mbili za mazabodi za kufutia mipangilio, mipangilio inarudi ya kiwandani, mambo yanaendelea. Ovakloki mbaya ni ile inayokaribia kutulia. Mashine inawaka, gemu linacheza, Cinebench (programu ya kupima kasi) inapita, unajiona fundi, kumbe prosesa inakosea hesabu moja katika mabilioni na haikwambii. Prime95 ndo iliyonionesha, ile programu ya kuikamua prosesa inampa kila mfanyakazi (ndivyo inavyouita kila uzi) hesabu ambazo jawabu lake linajulikana, na nikiwa kwenye 4.3 mfanyakazi mmoja kati ya 12 alisimama, ujumbe wake ni kwamba imepata 0.5 mahali ambapo ilitakiwa iwe chini ya 0.4, wengine wote wanaendelea kama hakukutokea kitu. Windows kimya. Kabla ya hapo nilikuwa na harusi imerendwa kwa mipangilio ileile, faili limetoka zima, linafunguka, na pale bi harusi anapoingia ukumbini, vigelegele vimepanda, mkono wake wa hina uko mbele kabisa ya kamera, pana viboksi vya kijani vimekaa juu ya piko kwa chini ya sekunde. Bahati nilikaa nikaitizama yote kabla ya kuitia kwenye fleshi. Kile kipande nikakirenda upya baada ya kuirudisha mashine kiwandani, viboksi havipo. Kwa anaecheza gemu, kosa kama hilo hata hataliona. Kwa anaefanya kazi za watu, au mwanafunzi anaeandika tasnifu yake humo, haifai, wallahi haifai, maana kosa lile linaweza kuingia kwenye faili na likaenda kukaa mpaka kwenye nakala yako ya akiba.

Halafu liko la umri. Volti na joto vikiwa juu kwa muda mrefu, zile njia ndogo za chuma ndani ya prosesa zinalika pole pole, na dalili yake ni kwamba kasi iliyokuwa imetulia mwaka wa kwanza inaanza kugoma baadae, unalazimika kuongeza volti tena, nayo inazidi kuila. Usione ni hadithi, hata bila ya mtu kuovakloki lilishatokea: 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 za mezani zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na zinaharibika, wakatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza miaka miwili kwenye garantii. Sasa hao ndo waliozitengeneza. Na garantii kwa upande wa AMD, wenye hii Ryzen, nayo haifuniki uharibifu unaotokana na kuipeleka prosesa nje ya vipimo vya kiwandani, ingawa tuseme kweli, huku kwetu kitu kikishashuka botini hiyo garantii nani ataifuata.

Kwa wanaonipelekea picha za mashine za mtumba za Darajani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, na prosesa zao za Intel i5 za 4570 na 6500, msijisumbue. Intel kwa kawaida wanaruhusu ovakloki kwa zile prosesa zenye herufi K mwishoni, na mazabodi iwe ya aina inayoanza na Z, na hizo mashine za maofisini BIOS yake haina hata ukurasa wa kubadilisha hizo namba. Programu yoyote inayokuahidi kuiongezea kasi kwa kubofya kitufe kimoja, huo ni wizi. Safisha vumbi, badilisha pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, na kama nyumba yako iko karibu na pwani tizama yale mapezi ya alumini, ule unyevu wa chumvi ukichanganyika na vumbi unaganda baina yake, hewa haipiti tena. Kuna mashine niliifungua hivyo ikashuka digrii nyingi kuliko feni yoyote ambayo angeinunua.

Nilichokibakisha mie ni kimoja, RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Kijiti kinaandikwa 3200 lakini ukikichomeka mazabodi nyingi zinakiendesha 2133 au 2400 mpaka uingie kwenye BIOS uwashe XMP (mipangilio ya kasi iliyoandikwa kwenye kijiti chenyewe), na watu wamekaa miaka hawajui. Ukifuata maana ya neno, XMP nayo inahisabiwa ovakloki, ila 3200 ndo kasi ambayo prosesa hii imeandikiwa rasmi, kwa hivyo hapo huivuki mipaka yake. Ifanyie kipimo cha RAM usiku mzima, ikipita iache. Kwangu hiyo peke yake imenifaa kuliko ile 4.2, taimlaini ya kuhariria haikwami tena nikiburura. Zaidi ya hapo, mchana wakati wa kaskazi naiweka kwenye Eco Mode, inakula umeme mdogo, kurenda kunachelewa kidogo, feni inanyamaza na chumba kinakalika.

Nyota: prosesa nne na nusu kati ya tano. Ovakloki yake mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa sababu nimejifunza VRM ni nini.

Waliouliza kama wakimbilie Ryzen 5 5600 badala ya hii, jibu ndio kama bei hazijapishana sana, inafika 4.4 toka kiwandani na inakaa kwenye soketi ileile ya AM4. Ila mazabodi ya B450 ya zamani haitoitambua mpaka uipandishe BIOS kwanza, na unaipandisha ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, sio baada ya kuitoa na kuiuza. Ifanye na UPS imechomekwa, asubuhi, umeme ukiwa umetulia.