Baiskeli kwenye maua ya zambarau: Hoge Veluwe au Lüneburger Heide?

Kila Agosti, vichaka vya heide, mimea mifupi ya maua ya zambarau, vinapochanua, swali hurudi: twende hifadhi ya taifa ya Hoge Veluwe, Uholanzi, au nyika ya Lüneburger Heide, Ujerumani?

Hoge Veluwe ina kiingilio, lakini ukishalipa unachukua baiskeli nyeupe bure getini. Haina gia, na kufunga breki unakanyaga pedali kinyumenyume. Aliyezoea breki za mkononi aanze polepole. Lüneburger Heide haina tiketi, ila baiskeli ni yako au ya kukodi.

Njia ndizo zinazonifanya nisite. Za Hoge Veluwe zimesakafiwa, karibu tambarare, hata mtoto anazimudu. Kuelekea Wilsede, kijiji cha Lüneburger Heide, kuna mchanga na mawe yanayokutikisa mikono hadi mabegani, na kilima cha Wilseder Berg, mita 169, kitakutoa jasho. Lakini kijijini hapo magari ya wageni hayaingii. Unachosikia ni kwato za farasi wavutao mikokoteni. Utulivu huo naupenda mno.

Kwa historia, Uholanzi kuna picha za mchoraji Van Gogh kwenye makumbusho ya Kröller-Müller, yaliyofunguliwa 1938. Ujerumani kuna mji wa Lüneburg, uliotajirika kwa chumvi.

Ukiwa na watoto na siku moja tu, nenda Veluwe. Ukiwa na matairi mapana na siku tatu, Wilsede inakungoja.